Shangazi Alipokunywa Chai Yangu

Siku niliyoungua mkono nilikuwa na miaka kumi na minne, na watu sita walikuwa wamesimama pale wakiniangalia.

Ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Kwetu Uriri, miaka hiyo ya tisini, maboma mengi yalikuwa na banda la udongo la kukaushia majani, na chini ya banda tanuri ambalo moto wake haukuruhusiwa kuzimika hadi majani yawe tayari. Kazi yangu ilikuwa kuleta kuni na kuzitua mbali na moto. Mama alikuwa ameweka jiwe chini kunionyesha mpaka wangu. Siku hiyo kaka yangu aliyekuwa akichochea alikwenda kunywa maji, moto ukaanza kulegea, nami nikavuka lile jiwe.

Nakumbuka kidole gumba cha mkono wa kushoto kikianza kurukaruka chenyewe, kama mkia wa mjusi uliokatika. Ndivyo kifafa kilivyonibishia hodi tangu nikiwa na miaka saba. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Mengine niliambiwa. Nilianguka mkono ukiwa ndani ya mdomo wa tanuri. Watu walikuja mbio, wakafika, wakasimama. Kwetu iliaminika kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe unakipata, kwa hiyo walisimama wakipiga kelele kila mmoja akimwambia mwenzake anishike. Aliyenitoa ni baba. Alitoka shambani na jembe, akanasa gauni langu kwa lile jembe, akanivuta kama mtu anayevuta tawi la miiba. Simlaumu. Aliogopa kama wenzake, lakini alinivuta.

Walisema pia kwamba mtu wa kifafa akishaungua, hatapona tena. Moto umeufunga ugonjwa ndani. Nililisikia hilo nikiwa nimelala kwenye mkeka, mkono umefunikwa majani yaliyopondwa, na mwanamke aliyelisema hakupunguza hata sauti.

Shule nilikuwa nimeshaacha. Mwaka uliotangulia nilianguka uwanjani wakati wa kupandisha bendera, na darasa zima likakimbia. Mwalimu mmoja akamwambia baba ingekuwa afadhali nikae nyumbani. Sasa hata nyumbani nilipewa sahani yangu, kikombe changu, na kibanda kilichokuwa cha mbuzi. Mama aliniletea chakula, akakiweka kizingitini, akarudi nyuma hatua mbili kabla ya kuniita nije kukichukua.

Nikaacha kuoga. Maji yalinitisha, kwa kuwa mtu anaweza kuangukia karai akazama katika maji ya shubiri moja. Moto ulinitisha, kisima kilinitisha, hata kusimama kulinitisha. Lakini kilichonitisha kuliko vyote ni kuzinduka, kufumbua macho na kuona nyuso zimenizunguka kwa mbali, na kujua kutokana na zile nyuso kwamba nimefanya tena lile ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kuliona.

Wiki ya nne kidonda kilikuwa kinanuka. Ndipo shangazi, dada mkubwa wa baba, akaja kutoka Homa Bay kutusalimia. Kwa Kijaluo shangazi huitwa waya, na wa kwangu alikuwa hivyo hivyo, mwembamba na mgumu. Aliingia kibandani bila kubisha, akanusa, akafunua majani.

Akatoka nje. Nilimsikia akimwambia baba, "Huyu naondoka naye kesho asubuhi."

"Ataanguka njiani," baba akasema.

"Akianguka atainuka."

Shangazi alikuwa mjane, Msabato, na alifanya kazi ya kufua katika hospitali. Aliishi chumba kimoja kwenye ploti, vyumba vinane vilivyotazamana, bomba moja la maji katikati. Ulikuwa mwaka ambao magugumaji yaliziba ufuo kiasi kwamba ukisimama juu kidogo uliona ziwa kama shamba. Tulifika mchana. Njia nzima nilikuwa nimeshikilia kiti cha mbele kwa mkono mzima, nikikikodolea macho kidole gumba kilichochungulia kwenye kitambaa. Hakikuruka.

Akanipikia chai. Nilikunywa nusu, nikaweka kikombe chini. Shangazi akakichukua, na kabla sijaelewa anachofanya, alikuwa amekipeleka mdomoni.

"Waya, usinywe!"

Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia. Shangazi akanitazama juu ya ukingo wa kikombe, akamaliza chai yote, akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Sikiliza," akasema. "Kila siku nafua shuka za hospitali. Kuna damu, kuna matapishi, kuna povu la watu wanaoanguka kama wewe. Nimefua miaka kumi na moja kwa mikono hii. Umeniona nikianguka?"

Sikumwamini. Kwa wiki tatu nilimchunguza. Akijikwaa, moyo ulinisimama. Akinyamaza ghafla katikati ya maneno, nilitazama kidole gumba chake. Nilikuwa na hakika nimemuua mtu pekee aliyekubali kulala chumba kimoja nami, na kwamba siku akianguka hatakuwepo mtu mwingine wa kumshika ila mimi, nami ningeogopa kumgusa. Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha raha, kwamba nami ningesimama mbali kama wale watu sita.

Hakuanguka.

Hospitalini mkono ulisafishwa kila siku hadi nyama ikawa nyekundu. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja na kushikamana. Daktari alinipa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila jioni, akasema nisiruke hata siku moja, na kwamba mimi si wa kwanza na sitakuwa wa mwisho. Kisha akamfundisha shangazi jinsi ya kunyoosha vile vidole kila siku ili visikauke vikiwa vimekunjwa.

Shangazi alinyoosha siku mbili tu. Siku ya tatu akaweka kikopo cha mafuta mbele yangu.

"Mkono ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi."

Sikutaka kuugusa. Ngozi mpya ilikuwa laini na ya waridi mahali pengine, kama ya kitu ambacho hakijazaliwa bado. Niligeuza uso nikapaka bila kutazama. Shangazi akaniambia nianze upya, nikiuangalia. Nilipaka polepole, kidole baada ya kidole, nikavuta kile cha mwisho hadi machozi yakanitoka. Kilisogea kidogo sana. Lakini kilisogea kwa kuwa nilikivuta.

Hivyo ndivyo siku zangu zilivyopata umbo. Asubuhi mswaki wa mti, kisha kuoga kwa kopo nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mlango umeegeshwa tu. Hilo la kukaa nililibuni mwenyewe. Kisha mafuta, kisha vidole. Jiko la makaa shangazi alilitengenezea kizuizi cha matofali kuzunguka pande tatu, nami nikajifunza kupika nikiwa upande wa matofali. Ijumaa alasiri, kabla Sabato haijaingia, tulifua, tukapiga nguo pasi, tukang'arisha viatu, na mwisho shangazi alinyoosha mkono wenye wembe akasema neno moja, "Kucha." Nilizikata zangu, hata za vile vidole viwili. Mwanzoni nilifanya kwa kumwogopa. Sijui ni Ijumaa ya ngapi nilipojikuta nimezikata kabla hajasema.

Usidhani hofu ilipungua. Ilibadilisha mahali pa kukaa. Mwanzoni niliogopa kuanguka. Sasa, kwa kuwa nilianza kuonekana msichana kama wengine, niliogopa kujulikana. Kwenye ploti waliniita nyar Uriri, binti wa Uriri, wakanituma chumvi, wakanisalimia. Dawa ilikuwa imepunguza sana kuanguka, na mara mbili nilizoanguka ilikuwa ndani, mlango umefungwa. Shangazi aliniambia zaidi ya mara moja, "Nenda uwaambie majirani. Siku utakapoanguka nje, wajue la kufanya." Kila mara nilisema kesho.

Chumba cha pili kutoka kwetu aliishi mama mmoja kijana, Mkuria kutoka upande wa Kehancha, mumewe fundi wa magari. Kijaluo hakukijua vizuri, kwa hiyo sote tuliongea naye Kiswahili. Alikuwa na mtoto wa kike wa miezi saba, mzito, mwenye kucheka hovyo. Siku moja asubuhi, shangazi akiwa kazini, alinikuta nimekaa mlangoni nachambua maharagwe.

"Nyar Uriri, nishikie huyu kidogo. Nakimbia sokoni, narudi sasa hivi."

Mtoto alikuwa mapajani mwangu kabla sijafungua mdomo. Nilipaswa kusema. Nilimwona akivuka uwanja, nikaona mgongo wake ukipotea kwenye kona, na bado nilikuwa nimefumba mdomo.

Tangu niwe na miaka saba hakuna mtu aliyewahi kunipa mtoto nimshike. Nilibaki kama niliyebebeshwa yai lisilo na ganda. Sikuthubutu kusimama. Nikajiburuta ndani nikiwa nimekaa, hadi kwenye mkeka, mbali na kila kitu. Jiko halikuwa limewashwa, nikashukuru. Mtoto akashika vile vidole vyangu viwili vilivyojikunja, akavitia mdomoni. Hakuona tofauti yoyote. Nilitaka kumwambia aache, povu langu, kisha nikakumbuka chai. Nikamwacha.

Sijui dakika ngapi zilipita. Najua tu kwamba nilikuwa nikimwimbia kitu, na nikahisi kidole gumba kikiruka ndani ya kiganja chake.

Kwa kawaida nilikuwa na muda wa kuhesabu hadi kumi, labda kumi na tano. Siku zote muda huo niliutumia kuogopa. Siku hiyo niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, hadi masikio yakapiga mluzi, lakini mikono ilifanya kazi. Nilimlaza mtoto chali kwenye kona, nikavuta mto upande mmoja, blanketi upande mwingine. Nikasukuma ndoo ya maji hadi mlangoni. Kisha nikatambaa kumwondokea, nikatambaa hadi ukuta wa pili, ili nikianguka nisimwangukie. Nililala ubavu kwenye saruji. Kidole kilikuwa kimekwisha kuwa mkono mzima.

Nilipofumbua macho kitu cha kwanza kukisikia ni ladha ya damu, ulimi nimeuuma. Sketi ilikuwa imelowa. Kisha nikasikia kimya, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko kelele zote za watu wa Uriri. Nikageuza kichwa. Mtoto alikuwa amejipindua kifudifudi, ana ncha ya blanketi mdomoni, ananitazama. Akacheka.

Mama yake alikuwa mlangoni.

"Ni nini hii?" akauliza. "Wewe, ni nini?"

"Nina kifafa," nikasema.

Sikuwahi kulitamka neno hilo kwa kinywa changu. Lilitoka limechanganyika na damu. Alipita juu ya miguu yangu, akamnyakua mtoto, akamgeuza huku na huku akimpapasa kichwa, mikono, mgongo. Akatoka. Nikasikia mlango wake ukifungwa, na komeo.

Nililala pale nikiwaza yatakayofuata. Ploti nzima itajua kabla ya saa sita. Mwenye nyumba ataambiwa. Shangazi atafukuzwa chumba alichokaa miaka yote hiyo, kwa sababu yangu. Nitarudishwa kwenye kibanda cha mbuzi. Nilitaka kubaki nilivyo hadi shangazi atakaporudi anikute hivyo, kwa kuwa nilistahili hivyo.

Lakini sketi ilikuwa inaanza kunuka, na mwili wangu ulikuwa umeshazoea mambo mengine. Nikaketi. Nikapumzika, kichwa kikigonga kama kinu. Nikasukutua mdomo kwa maji ya chumvi. Nikaoga juu ya kigoda. Nikafua sketi, nikadeki sakafu, nikapaka mafuta, nikanyoosha vidole. Nilikuwa nalia muda wote huo, na sikuacha hata kimoja.

Shangazi aliporudi alasiri alitazama sketi kwenye kamba, akanitazama mimi.

"Umeanguka."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwa mtoto, uso wake ukabadilika. Sikuwa nimewahi kumwona na hasira ya kweli.

"Kuanguka si kosa lako," akasema. "Kunyamaza ni kosa lako. Ulimpokea mtoto wa mtu, na mama yake hajui anamwachia nani. Angekuwa maiti, ungesema nini?"

"Niliogopa, Waya."

"Najua uliogopa. Nenda ukamwambie hivyo."

"Sasa?"

"Unangoja uache kuogopa kwanza?"

Ni hatua kama kumi na mbili kutoka mlango wetu hadi wake. Nilibisha. Komeo likafunguliwa kidogo, nikaona jicho moja.

"Dada, nimekuja kuomba msamaha," nikasema. "Nilipaswa kukuambia kabla hujaniachia mtoto. Niliogopa hutanisalimia tena."

Nikaendelea, kwa kuwa nilijua nikinyamaza nitakimbia. Nikamwambia yale daktari aliyotufundisha, jinsi ya kufanya nikianguka mbele yake: aondoe kitu chochote kilicho karibu nami, anilaze ubavu, asinitie kijiko wala kidole mdomoni, asinimwagie maji, angoje. Nikamwambia povu haliambukizi. Nikamwambia shangazi alikunywa chai yangu na bado yuko.

Mlango ukafunguka zaidi. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, amelala.

"Ulijua inakuja?" akauliza.

"Ndiyo. Kidole hiki huniambia."

"Kwa hivyo ulimweka yeye kwa mto, wewe ukaenda kuanguka kwa simiti."

Sikuwa nimeliona hivyo. Nilikuwa nimeliona kama uhalifu niliokaribia kuufanya. Alipangusa pua kwa leso.

"Sitakuachia mtoto tena," akasema. "Siwezi kukudanganya. Ukiwa peke yako, sitakuachia."

"Sawa, dada."

"Na hata mimi nimekukosea. Nilikutupia tu."

Akafunga mlango, taratibu, bila komeo.

Siku nne hakunisalimia. Kwenye bomba wanawake walinyamaza nilipofika, nikajua wamejua. Mmoja aliondoa ndoo yake karibu na yangu. Nilirudi ndani nikatapika kwa hofu, kisha nikatoka tena, kwa kuwa maji yalihitajika. Mwenye nyumba hakuja. Nilimngoja kila siku, na hakuja.

Siku ya tano yule jirani alileta karai mlangoni kwetu, akakaa kwenye kigoda changu mwenyewe. "Njoo umwogeshe," akasema. "Mimi nitakuwa hapa." Nikamwogesha mtoto yeye akiwa pale, hatua moja, mkono wake tayari. Ikawa kawaida yetu. Mara nyingi hakusema lolote. Nilijifunza kupitisha sabuni kwenye mikunjo ya shingo ya yule mtoto, kumkausha nyuma ya masikio, kumpaka mafuta kwa mkono ule ule ulioungua, na kadiri nilivyofanya, ndivyo vidole vilivyolegea. Siku nilipoanguka karibu na bomba, mbele ya watu, ni yeye aliyenigeuza ubavu. Nilipofumbua macho nilikuwa nimefunikwa leso yake, na alikuwa akimfokea mtu aliyetaka kunitia kijiko mdomoni.

Niliendelea kuanguka, mara mbili au tatu kwa mwaka. Naendelea kuogopa pia. Baadaye nilipata kazi ya kushona na kutia viraka shuka pale hospitalini, chumba kimoja na mapipa ya kufulia ya shangazi, na cherehani niliyopewa ilikuwa ya mguu, karibu na ukuta. Vidole viwili havikunyooka sawasawa hadi leo, lakini vinashika kitambaa.

Mama alikuja kunitembelea mwaka wa pili. Alifika na kuku na viazi vitamu, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni wa ofisini. Hakuwa ameniona tangu nilipoondoka. Aliniangalia nikipika, nikila, nikinywa kidonge changu. Nilipotoa kikopo cha mafuta akainamisha macho.

"Jirani yenu ameniambia alikushika ulipoanguka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hakuogopa?"

"Aliogopa."

Alizungusha ncha ya leso yake kidoleni. Mikono yake ilikuwa na nyufa za kazi ya tumbaku, nyeusi hadi kwenye kucha.

"Mimi ndiye niliyekuzaa," akasema, "na sijui hata pa kukushika. Nifundishe."

Basi nikalala chini, juu ya saruji, mchana huo wa saa nane, mlango ukiwa wazi. Nikalegeza mwili. Nikamwambia apige magoti nyuma yangu, mkono mmoja begani, mwingine kiunoni, anivute kwake. Nilisikia pumzi yake juu yangu, fupi fupi, kama ya mtu aliyekimbia. Mikono yake ilitua begani, ikaondoka, ikatua tena. Mara ya kwanza alinivuta vibaya nikabaki kifudifudi. Nikamwambia si hivyo, mama, tuanze tena.